Unapokwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi: namna ya kuikabili hofu na kupunguza maumivu

Mara ya kwanza nilipokwenda kupima, nilitoka bila kupimwa. Nilikuwa na miaka 36, nimeshazaa mara mbili, na bado nilipolala juu ya kile kitanda cha uchunguzi na kusikia chuma kikigonga sinia nyuma ya pazia, mapaja yalijifunga yenyewe. Muuguzi aliyekuwa zamu, ambaye nje alikuwa ameacha foleni ndefu ya wanawake, aliniuliza kama hata watoto niliwazaa huku nimebana miguu namna ile. Nilivaa, nikamshukuru, nikaondoka, na ilinichukua miaka miwili kurudi. Niliporudi nilipimwa kwa muda usiozidi dakika kumi, sikulia, na usiku huo nililala vizuri. Kilichobadilika katikati ya siku hizo mbili hakikuwa ushujaa; nilikuwa nimejua kitakachofanyika, na nilikuwa nimejifunza kusema mambo matatu manne kabla ya kupanda kitandani. Maelezo haya ni kwa ajili ya mwanamke ambaye bado yuko katika miaka yake miwili.

Kwanza ni vizuri kufahamu kwa nini kipimo hiki kinasisitizwa kiasi hicho. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo wengi tunavijua kwa kifupi chake, HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, watu wengi sana huvipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vinapong'ang'ania, hubadilisha taratibu seli za mlango wa kizazi, na safari ya kutoka kwenye mabadiliko hayo hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kipimo hutafuta mabadiliko hayo mapema, wakati bado hayana maumivu wala dalili yoyote. Ndiyo maana anayesubiri mpaka aumwe ndipo aende anakuwa amechelewa, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake kwa ujumla waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yao ya kupata saratani hii ni karibu mara sita ya wenzao.

Kinachofanyika nyuma ya pazia

Hofu hunenepa gizani. Katika vikao vya wanawake nimewahi kusikia kwamba kipande cha kizazi hukatwa, kwamba kifaa huweza kusahauliwa ndani, na kwamba mwanamke akishapimwa hazai tena. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea katika kipimo cha kawaida.

Katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya kipimo kinachotumika zaidi ni cha siki. Utaombwa uvue nguo za chini, ulale chali, ukunje magoti na kuyaachanisha. Muuguzi ataingiza ukeni kifaa kinachoitwa spekulamu, chenye umbo kama mdomo wa bata, ambacho huingizwa kikiwa kimefungwa na kisha hufunguliwa polepole ili kuta za uke zitanuke na mlango wa kizazi uonekane. Atamulika kwa taa, atapangusa mlango wa kizazi kwa pamba iliyochovywa katika siki iliyozimuliwa, kati ya asilimia 3 na 5, halafu atasubiri dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka kuwa nyeupe yenye mpaka unaoonekana wazi. Siki yenyewe huweza kuwasha kidogo, kama inavyowasha ikigusa mchubuko. Mimi nililala pale nikinusa harufu ya kachumbari na kutazama mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani, na nakiri kwamba jambo hilo lilinichekesha, na kicheko kikalegeza tumbo kuliko ushauri wote niliokuwa nimepewa.

Vipimo vingine viwili vinatofautiana kidogo na hicho. Katika kipimo cha Pap, seli huchukuliwa kwa brashi ndogo au kijiti na kupelekwa maabara, na katika kipimo cha HPV hutafutwa virusi vyenyewe. Majibu ya siki hupatikana papo hapo; majibu ya hivyo viwili kwa kawaida huhitaji kusubiriwa.

Yote hayo yakienda sawa, spekulamu hukaa ndani dakika chache tu. Wanawake wengi huhisi kujaa, kubanwa, au maumivu madogo ya chini ya kitovu yanayofanana na ya hedhi. Maumivu makali si sehemu ya kipimo, na anayeyapata ana sababu ya kusema, si ya kuvumilia.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chagua siku chache baada ya hedhi kukoma, kwa sababu damu huzuia kuona. Kwa siku mbili kabla ya kipimo usijamiiane, usiweke dawa yoyote ukeni, na usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, wala vitu vya kubana vinavyouzwa mitaani. Huko kujiosha ndani hakuhitajiki hata siku nyingine, na huacha ngozi imechubuka kiasi kwamba siki itawasha zaidi. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Wengi huahirisha safari kwa sababu hawajanyoa. Wauguzi hawalitazami hilo, na anayenyoa usiku wa kuamkia kipimo hujiongezea michubuko bure.

Kwa dada zetu Waislamu, swali la funga huja kila mwaka. Kwa kuwa wanazuoni hawana kauli moja kuhusu kitu kinachoingizwa ukeni mchana wa Ramadhani, njia nyepesi ni kupanga kipimo kabla ya mwezi huo au baada ya Idi, ili dhamiri nayo ilale kitandani ikiwa imetulia.

Vaa sketi pana au dera, si suruali. Sketi hupandishwa tu kiunoni, na mwanamke anabaki amevaa. Chukua pia kanga yako mwenyewe, kwa sababu shuka la kituo laweza kuwa fupi au lisiwepo kabisa, na kuna tofauti kubwa kati ya kujifunika nguo inayonukia nyumbani kwako na kujifunika karatasi. Nenda na mtu ukiweza: dada, wifi, shoga unayemwamini. Kama unajua kwamba tumbo lako husokota sana wakati wa hedhi, unaweza kumeza dawa ya kawaida ya maumivu, kama vile parasetamoli, kiasi cha saa moja kabla, kwa kufuata dozi iliyoandikwa na ikiwa hukuwahi kukatazwa dawa hiyo.

Kuna zoezi moja la kufanya nyumbani kwa siku kadhaa kabla. Bana misuli kama anayezuia mkojo, hesabu hadi tatu, halafu achia kabisa na uhisi namna inavyoshuka. Faida tunayoitafuta iko katika kuachia, si katika kubana. Misuli hiyo ndiyo inayofunga njia mtu anapoogopa, na ikishajifunga, spekulamu husukumana nayo, maumivu huja, hofu huthibitika, misuli hubana tena. Mwenye kujua hisia ya kuachia ana pa kurudi duara hilo linapoanza.

Maneno ya kusema kabla ya kupanda kitandani

Hapa ndipo pana uzito wote wa jambo hili. Somo aliyenifunda kabla ya ndoa alinieleza mengi kuhusu kulala kitandani kwa mume, lakini kuhusu kitanda cha hospitali hakuniambia neno, na nadhani wengi wetu tuliingia humo tukiwa na adabu ya mwali: kunyamaza, kufumba macho, kusubiri yaishe. Adabu hiyo haisaidii. Muuguzi hawezi kuiona hofu iliyonyamaza, na anayehudumia wanawake wengi kwa siku ataenda kwa mwendo wa foleni mpaka aambiwe aende kwa mwendo wako.

Sema ukiwa bado umekaa na umevaa. Ukishalala chali sauti hupotea. Hilo nimeliona kwangu na kwa wengine niliowasindikiza. Mara ya pili nilijiandaa sentensi zangu njiani, nikizirudiarudia ndani ya daladala kama mtoto anayekariri shairi, na mazungumzo yakawa hivi:

"Sista, samahani, naomba nikwambie jambo kabla hatujaanza. Mara ya mwisho nilishindwa. Naogopa sana."

"Unaogopa nini hasa, mama?"

"Ile chuma. Na kutojua lini inaingia."

Alikwenda akaichukua, akanipa mkononi niishike. Akaifungua na kuifunga mbele yangu. Akasema zipo kubwa na ndogo, na kwamba ataanza na ndogo. Kisha akasema neno ambalo bado nalishukuru: "Ukiniambia basi, natoa. Sitakuuliza kwa nini."

Si kila muuguzi atayatoa hayo mwenyewe, kwa hiyo yaombe. Unaweza kuomba spekulamu ndogo zaidi iliyopo. Unaweza kuomba ichovywe kwanza katika maji ya uvuguvugu, kwa sababu chuma baridi peke yake hutosha kumfanya mtu aruke, na maji hayo huilainisha pia. Unaweza kuomba uelezwe kila hatua kabla haijafanyika, au ukipenda uombe asieleze kitu bali azungumze nawe habari za watoto. Unaweza kuomba kuiingiza spekulamu wewe mwenyewe kwa mkono wako, naye aimalizie kuifungua. Jambo hili huwashangaza wengine, lakini mkono wa mwenye mwili unajua pembe yake kuliko mkono wa mgeni. Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke na si mwanamume, na kama siku hiyo hayupo, uulize siku atakayokuwepo, au uombe ndugu yako aingie akae upande wa kichwa chako. Unaweza kuomba wanafunzi watoke. Na mpatane mapema juu ya ishara ya kusimamisha, iwe neno "basi" au kuinua mkono, ili usianze kutafuta maneno wakati unaumia.

Ukijibiwa vibaya, kama nilivyojibiwa mimi mara ya kwanza, una haki ya kuvaa na kuondoka. Ila nakuomba usirudie kosa langu la kukaa miaka miwili. Uliza siku hiyo hiyo ni nani mwingine anapima, au kituo gani kingine kinatoa huduma hii, kwa kuwa katika vituo vingi vya umma haina malipo.

Juu ya kitanda

Nenda haja ndogo kabla ya kulala, kwa sababu kibofu kilichojaa huongeza hisia ya kubanwa. Sogea chini mpaka makalio yafike ukingoni mwa kitanda. Wengi husogea nusu tu kwa aibu, kisha muuguzi hulazimika kukiinamisha kifaa kwa pembe isiyofaa. Kama bado panauma, weka ngumi zako mbili chini ya makalio au uombe kitambaa kilichokunjwa, nyonga zinyanyuke kidogo, maana mlango wa kizazi wa wanawake wengine umeelekea upande usioonekana kwa urahisi.

Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe kwa mdomo polepole, kama anayepuliza chai ya moto asiyotaka imwagike. Muuguzi aingize kifaa wakati unatoa pumzi, si wakati unavuta. Wakati huo huo sukuma chini kidogo sana, kama ulivyoambiwa na mkunga ila kwa nguvu ndogo. Kusukuma hufungua misuli ile ile ambayo kukaza huifunga. Legeza taya na vidole vya miguu. Inaonekana kama masihara kuhangaikia taya wakati shughuli iko kwingine, lakini mwenye meno yaliyokazwa kwa kawaida amekaza na chini. Ukishika mikono yako juu ya kitovu utahisi tumbo likipanda na kushuka, na hilo litakupa kitu cha kufuatilia. Wapo wanaohesabu bati za dari. Wapo wanaosoma dua. Niliyemsindikiza mwaka jana aliimba pambio la kwaya yake kwa sauti ya chini, na muuguzi akaitikia.

Wenye sababu zaidi ya woga

Si kila maumivu yanatibika kwa pumzi. Mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi ana ukavu unaofanya uke uwe mwembamba na mwepesi kuchubuka. Huyu aseme umri wake na ukavu wake, aombe kilainishi chenye asili ya maji na spekulamu ndogo, na kama amewahi kuumia sana amwone daktari kwanza, kwani zipo dawa za homoni za kupaka ukeni zinazotumiwa kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi kupima.

Aliyekeketwa anaweza kuwa na kovu lisilotanuka, hasa kama njia ilipunguzwa. Aseme kabla, hata kama ni kwa maneno machache tu, ili muuguzi asishtuke mbele yake na asilazimishe kifaa cha kawaida. Hali kadhalika yule ambaye aliwahi kuingiliwa kwa nguvu. Huyo halazimiki kusimulia kisa chake kwa mtu asiyemjua, inatosha kusema, "Niliwahi kufanyiwa ukatili, naomba twende polepole, na usiniguse kabla ya kuniambia." Kwa wengine wenye historia hiyo, kulala chali huku mtu amesimama katikati ya miguu ndiko kunakorudisha kumbukumbu, na inafaa kuuliza kama unaweza kuinuliwa kichwa ili umwone anayekuhudumia, au kulala ubavu. Na mwanamke ambaye hata tendo la ndoa humuuma kila mara, kiasi kwamba misuli hujifunga bila ridhaa yake, ana hali inayojulikana na wataalamu na inayotibika, kwa hiyo alitaje hilo kama tatizo la kiafya linalojitegemea.

Kwa hawa wote ipo njia nyingine ya kuulizia, nayo ni kujichukulia sampuli mwenyewe kwa ajili ya kipimo cha HPV. Mwanamke hupewa kijiti chenye brashi laini au pamba, huingia chooni au nyuma ya pazia, hukiingiza ukeni, hukizungusha kwa sekunde chache kama alivyoelekezwa, na kukirudisha katika kichupa chake. Hakuna spekulamu wala macho ya mtu. Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii, ingawa haijafika katika kila kituo. Majibu yakionyesha virusi, mlango wa kizazi utahitaji kutazamwa, lakini anayepata jibu la kutokuwa navyo huwa ameepukana na kitanda kwa miaka kadhaa.

Majibu, na maneno ya nyumbani

Baada ya kipimo unaweza kuona tone la damu au maji yenye harufu ya siki. Weka pedi, na ukae kidogo kabla ya kusimama kama una kizunguzungu. Hofu ya pili huanza hapo, na kwa wengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Kama majibu yanapaswa kusubiriwa, uliza kabla ya kuondoka yatatoka lini, utayapataje, na utampigia nani yasipotoka, kwa kuwa kusubiri siku inayojulikana hakuchoshi kama kusubiri tu.

Neno "chanya" huwaangusha wengi. Katika kipimo cha siki lina maana kwamba pameonekana mabadiliko; si tangazo la saratani, na mara nyingi mabadiliko hayo hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuyagandisha kwa gesi baridi au kuyaunguza kwa kifaa cha joto. Tiba hiyo huchukua dakika chache na huweza kuleta maumivu kama ya hedhi. Baada yake maji mengi hutoka ukeni kwa wiki kadhaa, na mwanamke hushauriwa asijamiiane kwa wiki nne, ili kidonda kipone. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu nyingi au maumivu makali ya tumbo ni sababu ya kurudi kituoni bila kungoja miadi.

Wiki hizo nne ndizo zinazoleta mtihani wa ndani ya nyumba, na ni busara mume aelezwe kabla, ikiwezekana na muuguzi mwenyewe. Kuhusu virusi vya HPV, yapo maneno yanayovunja ndoa bila sababu. Virusi hivyo vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, hata tangu kabla ya wawili kujuana, hivyo kupatikana navyo leo hakuthibitishi kwamba yeyote ametoka nje ya ndoa jana. Mwombe muuguzi akuandikie au aseme hilo mbele yenu wawili, maana likitoka kwake husikika kuliko likitoka kwako.

Majibu yakiwa hasi, kwa kipimo cha siki utaambiwa urudi baada ya miaka mitatu, na wanaohudhuria kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hupewa ratiba yao huko. Kabla hujakunja kanga yako, pamoja na tarehe ya kurudi, andika nyuma ya kadi yale yaliyokufaa. Yangu inasema: spekulamu ndogo, maji ya uvuguvugu, ngumi chini ya makalio, aje yule sista wa Jumanne.